Basi la Kila Kona

Adalbert Mushagalusa alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao haukuwa wa kupeleka hospitali: hakujua kusema hapana. Mtu akimwomba kitu, shingo yake ilikubali kabla masikio hayajasikia vizuri. Alikuwa amesimamia ubatizo wa watoto wengi mno, hata akipita mtaa wa Nyawera na watoto wakamwita Papa Parrain, hakujua yupi ni wa nani. Siku moja alikwenda kijiji cha Miti kutazama shamba la mjomba wake, akarudi na beberu mzee asiye na meno, kwa kuwa mwenye beberu alimwangalia kwa huzuni. Mke wake, Clémence, alimfunga beberu yule nyuma ya jikoni bila kusema neno, na kule kunyamaza kulimuumiza Adalbert kuliko matusi.

Kwa kazi, alikuwa mchoraji wa mipango ya mji. Ofisini aliitwa Citoyen, yaani Raia, Mushagalusa, maana ilikuwa ile miaka ambayo majina ya ubatizo yalikatazwa na tai zikavuliwa shingoni, kila mwenye cheo akavaa abakosti, lile koti lisilotaka tai. Nyumbani, mlango ukishafungwa, alirudi kuwa Adalbert, kama vile wengi mjini walivyoendelea kuitana kwa majina ya zamani.

Mwaka wa sabini na sita mji ukapewa basi. Moja. Lilifika kupitia Bujumbura, refu, la manjano, na viti vyake vilikuwa juu sana kwa sababu walioliunda walifikiria barabara mbaya. Watu walilizunguka wakiligusa kama ng'ombe wa mahari. Ikaundwa Komite ya Basi, na Adalbert akapewa kazi ya kuchora njia yake.

Hiyo kazi aliifanya kwa moyo wote. Asubuhi nyingi alisimama mtaa wa Essence akiwaangalia wamama wanaotoka Nyantende na mizigo ya mihogo, kamba zimewakaza paji la uso, migongo imeinama mpaka wakawa wanaijua barabara kuliko anga. Aliona wagonjwa wakibebwa kwenye machela kupandishwa hospitali. Akarudi mezani, akachora mstari mmoja mfupi: kutoka Essence, Nyawera, hospitali kubwa, soko la Kadutu, kisha kurudi. Mahali pa mteremko mkali alilizungusha basi taratibu ili breki zisiungue. Mafuta ya mwezi, ile mazutu ya magari makubwa, yangetosha mwezi. Basi lenyewe, likitunzwa, lingeweza kuwabeba hata watoto ambao hawajazaliwa.

Komite ilikutana katika sebule ya rais wake, Citoyen Bisimwa, mfanyabiashara wa kahawa mwenye tumbo la heshima. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Citoyen Mushagalusa, kazi yako iko muzuri. Iko muzuri kabisa. Lakini hii mustari... namna gani nitasema... iko fupi. Batu ba Kinshasa batasema mugini yetu iko kadogo."

"Président, iko fupi juu mazutu itoshe."

"Nasikia. Lakini ishuke kwanza Nguba. Kuko kale kanjia kenye muti ya avoka, karibu na Ruzizi. Isimame pale."

Adalbert aliinama juu ya ramani. "Pale kuko nyumba tatu tu, Président."

"Batu mingi bako mu zile nyumba tatu," akasema Bisimwa, na hakuongeza.

Shingo ya Adalbert ikakubali. Penseli ikashuka Nguba.

Aliyefuata ni Donatien, mwenye pampu ya mazutu. Wiki kadhaa pampu yake ilikuwa imefungwa, na kila shofere aliyekuja aliambiwa kwamba mazutu imekwisha Zaïre nzima. Yeye hakutaka kitu kikubwa. Basi lipite tu Muhumba, nyuma ya lupango lake, yaani ua wa nyumba yake. "Bibi yangu iko na maguu," alieleza, maana mke wake alisumbuliwa na miguu.

Adalbert aliwaza kwamba hata wale wamama wa Nyantende wako na maguu, lakini wazo hilo halikufika mdomoni. Akachora. Akajikaza kusema jambo moja: "Kwa hii njia, mazutu ya mwezi itaisha mu wiki."

"Mazutu itapatikana," akasema Donatien, akinywa bia yake.

Wa tatu alikuwa Télesphore, msimamizi wa salongo, ile kazi ya Jumamosi ya kila raia. Naye aliomba kona moja ya mtaa wa La Botte, penye nyumba yake. Ilipofika jioni, mstari ulikuwa umejikunja na kujikunjua kama utumbo wa mbuzi, na soko la Kadutu lilikuwa kule mwishoni kabisa, mahali ambapo utumbo huishia.

Nyumbani, Clémence alitandaza ramani juu ya meza ya chakula, akafuata njia kwa kidole. Kidole kilizunguka, kikarudi kilikotoka, kikazunguka tena.

"Na Kadutu itafika saa gani?"

"Kama haipate shida... soko ikiwa imekwisha kufunga."

Clémence aliondoa kidole. "Adalbert, weye uko mutu ao uko mulango? Kila mwenye kupita anakusukuma tu."

Siku ya uzinduzi, jua lilitoka kana kwamba nalo limealikwa. Basi lilifungwa utepe wa kijani. Viti vya nyuma vilikaliwa na fanfare ya shule, na tarumbeta zao kubwa zilichungulia madirishani. Mbele alikaa Maman Georgette, mke wa Bisimwa, mwanamke mpana, mtulivu, aliyevaa kikwembe kipya chenye maua mekundu na ndege wa buluu. Bisimwa alikaa kando yake, Donatien na Télesphore nyuma yao, na Adalbert karibu na wapiga tarumbeta. Ili raia nao waonekane, waliitwa wamama wachache wa soko. Mmoja wao alikuwa Maman Cibalonza, muuza bunga, yaani unga, wa Kadutu, aliyepanda na kapu lake lote kwa sababu aliambiwa hilo ni basi la Kadutu, naye akaamini.

Shofere, Benoît, alipiga honi. Fanfare ikapiga. Basi likaondoka, na watu wakalikimbilia wakipiga makofi.

Kuna jambo ambalo Adalbert hakulifikiria hata mara moja. Alikuwa amezoea kuuangalia mji kutoka juu, kwenye karatasi, kama ndege. Hakujua kwamba mtu akikaa katika kiti cha basi refu kiasi kile, naye anakuwa nusu ndege. Kuta zote za La Botte, zilizojengwa kumzuia anayetembea kwa miguu asione kitu, zilimfikia abiria kifuani.

Basi lilikata kona ya Télesphore. Ndani ya lupango lake, mafundi wawili walikuwa wakimalizia baraza kubwa lenye nguzo, na kando yao mifuko ya simenti imepangwa mpaka dirishani, yote ina alama ya rangi nyekundu.

"Ile alama naijua," akasema Maman Cibalonza kwa sauti ya mtu aliyeona ndugu yake. "Ile si simenti ya ngazi za Kadutu? Tulibeba muchanga wiki nzima mu salongo, mukatuambia simenti ilinyeshewa na mvula, ikakufa."

Basi zima likageuka kumtazama Télesphore.

"Ile..." Télesphore alipangusa jasho. "Ile njo ile yenye ilikufa."

"Inaonekana imefufuka," akasema Maman Cibalonza.

Nyuma, mpiga ngoma alicheka mpaka kijiti kikamponyoka. Bisimwa, kama rais, aliinua mkono: "Fanfare! Pigeni kitu!" Wakapiga. Adalbert alijikunja kwenye kiti chake, akiomba njia iwe fupi, halafu akakumbuka ni nani aliyeirefusha.

Huko Muhumba, katikati ya mpando, basi lilikohoa. Likakohoa tena, likapumua kwa nguvu, likanyamaza. Benoît alivuta breki ya mkono na kugeuka polepole.

"Mazutu imekwisha," akasema. "Citoyen Mushagalusa alinipatia mazutu ya njia. Lakini hii si njia. Hii ni matembezi."

Walikuwa wamesimama sambamba na ukuta wa lupango la Donatien. Hakuna aliyehitaji kuambiwa atazame. Macho yalikwenda yenyewe. Nyuma ya ukuta, chini ya turubai lililochanika, mapipa yalisimama bega kwa bega, mengi, kama kwaya inayongoja kuanza kuimba. Harufu ilipanda mpaka madirishani.

"Papa Donatien," akasema Maman Georgette kwa upole, "si ulisema imekwisha Zaïre nzima?"

"Ile iko maji," akasema Donatien upesi. "Ya kumwangilia maua."

Benoît alikuna kidevu. "Basi tutie maji?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika barabarani: maboyi, wale watumishi wa nyumba za jirani, watoto wa shule, askari mmoja aliyekuwa anapita. Donatien aliyatazama mapipa, akawatazama watu, akamtazama yule askari, akashuka. Alifungua lango mwenyewe. Alisukuma pipa moja mwenyewe, abakosti yake ikipata doa refu la mafuta tumboni, na bibi yake, aliyetoka kuona kelele ni ya nini, alikimbia mbio sana kumletea mpira wa kumiminia. Maguu yake hayakuonekana kuwa na shida yoyote.

"Pole, maman, na maguu," Maman Cibalonza akamwambia bibi yule kupitia dirishani.

Saa zilikuwa zimekwenda. Bunga ya Maman Cibalonza ilikuwa bado katika kapu, na kila mara aliuliza Kadutu iko wapi. Adalbert alimwonyesha kwa kidole kilima cha ng'ambo, na mama yule alikitazama kama mtu anayeonyeshwa Ulaya.

Ndipo walipoanza kushuka Nguba.

Bisimwa alikuwa amebadilika. Alivua miwani, akaivaa, akainama mbele kwa Benoît. "Shofere, pale ku avoka usisimame. Upite tu."

"Président, karatasi inasema nisimame."

"Mi niko nasema upite!"

"Juu ya nini apite?" akauliza Maman Georgette. "Si uliniambia kuko batu mingi?"

Benoît, ambaye alikuwa mtu wa kufuata karatasi, alisimama chini ya mwavokado na kupiga honi, kama karatasi ilivyoamuru. Kanjia kalikuwa kimya. Kuku alivuka. Nyumba ya kwanza ilikuwa imefungwa, ya pili haikuwa na paa. Katika ya tatu mlango ulifunguka, akatoka msichana mrefu, mzuri, kichwani amefunga kitambaa, anakimbia na kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Alivaa kikwembe chenye maua mekundu na ndege wa buluu.

"Papa Bisimwa!" akaita kwa furaha ya kweli. "Kumbe haukunidanganya! Ulisema utaniletea basi mpaka ku mulango!"

Adalbert alitamani kuingia ndani ya tarumbeta ya jirani. Hata basi lenyewe lilinguruma kwa sauti ya chini.

Bisimwa alikuwa amegeuzia uso dirisha la pili, akitazama Rwanda ng'ambo ya mto kwa makini, kama mtu anayechagua mahali pa kuhamia.

Maman Georgette alisogea. Alipapasa nafasi kati yake na mume wake.

"Panda, mutoto yangu. Unaitwa nani?"

"Anne-Marie, maman."

"Kaa hapa."

Anne-Marie alikaa. Alipoona kikwembe cha mwenzake, tabasamu lake lilipungua kidogo kidogo, kama taa ambayo mafuta yanaisha. Maman Georgette alishika pindo la nguo ya msichana kwa vidole viwili.

"Kitambaa muzuri."

"Papa aliileta toka Bujumbura," akajibu Anne-Marie kwa sauti ndogo.

"Ah. Ni hivyo." Maman Georgette aliliachilia pindo. "Alisema ilibakia kipande kimoja tu mu magazini."

Bisimwa alifumbua mdomo. "Fanfare," akanong'ona, "pigeni." Lakini watoto wa fanfare walikuwa wamesimama juu ya viti ili waone vizuri zaidi, na hakuna aliyekumbuka kwamba ana tarumbeta.

Walifika Kadutu jua likiwa limeegemea kilima. Soko lilikuwa limefungwa. Wafagiaji walikuwa wakikusanya majani ya sombe na maganda ya ndizi. Maman Cibalonza alishuka na kapu lake limejaa kama lilivyopanda, akasimama katikati ya meza tupu.

"Mi nimefika," akamwambia Adalbert. "Lakini soko imeondoka."

Hakusema kwa hasira. Kama angesema kwa hasira, Adalbert angeweza kuomba radhi na kwenda zake. Alisema kama mtu anayetoa habari tu, kisha akapandisha kapu kichwani na kuanza kupanda kilima kwa miguu. Adalbert alimtazama mpaka akapotea, na jioni ile hakula.

Kesho yake, ofisi ilikuwa haijafagiliwa vizuri Télesphore alipoingia, amevaa miwani ya jua ingawa kulikuwa na ukungu.

"Citoyen Mushagalusa, ile kona ya La Botte, nimeifikiria. Haina faida kwa raia. Uifute."

Adalbert akafuta. Kabla hajapuliza mavumbi ya kifutio, Donatien alikuwa mlangoni. Bibi yake alikuwa amepona maguu, alisema, Mungu ni mkubwa, na basi lingefanya vizuri kutopita Muhumba tena, hata karibu. Adalbert akafuta. Wa mwisho alikuja Bisimwa mwenyewe. Sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba, na alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nilifikiri usiku yote juu ya faida ya batu bote," akasema. "Basi ya raia iende kwa raia. Nguba hakuna mutu."

"Si kulikuwa batu mingi, Président?"

"Bamehama."

Adalbert akafuta. Bisimwa alipoondoka, mchoraji alibaki na ramani iliyosuguliwa mpaka karatasi ikawa nyembamba, na juu yake ukabaki mstari mmoja mfupi, Essence mpaka Kadutu. Alijua vizuri kwamba si yeye aliyeuokoa. Aibu za watu ndizo zilizomfanyia kazi. Akaketi akiutazama mstari wake, furaha imechanganyika na haya.

Mlango ukafunguka bila kubishwa. Alikuwa Maman Georgette, leo amevaa nguo nyeusi. Aliketi, akaweka mkoba wake juu ya ramani.

"Bwana yangu amechoka," akasema. "Mu Komite, mi njo nitakuwa nakuja pahali pake. Nimesikia amefutisha Nguba."

"Ndiyo, maman. Amefutisha."

"Rudisha."

Adalbert alidhani hajasikia. "Nirudishe?"

"Basi ipite pale ku avoka kila asubui, na kila magaribi. Mi nitakuwa napanda, nakaa mbele, naangalia kama kuko viatu vya mutu ninamujua ku ule mulango. Halafu inipeleke kuomba ku katedrali, halafu iende pahali unataka." Alifungua mkoba, akampa penseli yake mwenyewe, imechongwa vizuri. "Chora."

Shingo ya Adalbert ilianza kuinama, kama ilivyozoea. Aliichukua penseli. Aliitazama Nguba juu ya karatasi, pale palipochubuka. Akaona tena meza tupu za soko, na kapu likipanda kilima.

"Hapana," mtu akasema.

Adalbert alishtuka. Chumbani walikuwa wawili tu, na Maman Georgette alikuwa amefunga mdomo.

"Umesema je?"

Adalbert alitafuta namna ya kulirudisha mdomoni. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na maneno mengine yakalifuata. "Nimesema hapana, maman. Munisamehe. Wale bamama ba Nyantende banaamuka giza. Wagonjwa banangojea ku barabara. Kama basi ishuke Nguba, mazutu itaisha, breki itaisha, na basi itakufa mbele ya mwaka kuisha. Na ikikufa, hakuna mwenye atatuletea ingine. Maneno ya ku nyumba yenu inaniuma kweli. Lakini ile basi haiwezi kuibeba."

Adalbert aliona mbele yake barua ya kupelekwa Shabunda, kuchora barabara katikati ya msitu. Halafu mabega ya mama yule yakashuka, na ikawa kama ameketi hapo kwa mara ya kwanza.

"Hapana," akalirudia neno, akilionja. "Kama bwana yangu angejua kusema hili neno kwa yule mutoto, mi ningekuwa nimelala jana." Akachukua mkoba wake na penseli yake, akasimama. "Anne-Marie, nilimupeleka kulala ku nyumba yangu, akalia mpaka asubui. Hata yeye hakujua kitu. Nitafanya naye nini, Citoyen Mushagalusa?"

Hilo halikuwa swali la mchoraji; Adalbert akamfungulia mlango tu.

Basi likaanza kazi yake. Wamama wa Nyantende walipakia mihogo kwa ugomvi mkubwa wa siku za kwanza, kisha kwa ugomvi mdogo wa kila siku. Mchana Benoît aliliacha lipoe chini ya kivuli, wala hakukubali cheo cha mtu yeyote kimharakishe. Mtoto mmoja alizaliwa kati ya Nyawera na hospitali, na Maman Cibalonza aliukata mzozo wa abiria juu ya jina kwa kumwita mtoto Manjano, kwa rangi ya basi. Bisimwa hakumsamehe Adalbert kamwe. Miaka ilipita bila kupandishwa cheo, na wenzake aliosoma nao wakanunua magari. Yeye alikwenda kazini kwa miguu au kwa basi.

Mvua ya mwaka wa tatu ilikuwa mbaya. Asubuhi moja kipande cha kilima kiliteremka na kufunika barabara chini ya Nyawera, tope mpaka kiunoni, na basi likabaki upande wa pili na taa zake zinawaka. Adalbert alikimbia ofisini kuomba watu wa kuchimba. Aliambiwa angojee, jambo hilo litazungumzwa. Aliporudi alikuta watu wamejaa barabarani na majembe. Hakuna aliyewaita. Wamama walikuwa wamefunga vikwembe magotini, wanafunzi wamevua viatu, wauguzi wawili wa hospitali wanachota tope kwa mabeseni. Maman Cibalonza alikuwa katikati akitoa amri.

Adalbert alivua viatu na kuingia. Alishika jembe, akaanza kueleza maji yaelekezwe wapi ili barabara isikatike tena, na kwa dakika chache walimsikiliza. Kisha mama mmoja wa Nyantende, ambaye hakumjua wala hakuwa na sababu ya kumjua, alimsukuma kwa kiwiko.

"Papa, songa. Unatuzibia njia."

Akasonga. Walichimba mpaka adhuhuri. Njia ilipofunguka, Benoît alipiga honi, basi likapita polepole juu ya mawe waliyoyapanga, na kila mwenye jembe akarukia ndani, mwenye tope na asiye na tope, mihogo, mabeseni, wauguzi, wote. Adalbert alikuwa bado anatafuta kiatu chake cha pili. Alipokipata alikimbia, akiwa amekishika juu, akiita Benoît asimame.

Benoît alimwona kwenye kioo, akatoa mkono dirishani na kuonyesha kwamba hakuna nafasi. Kweli haikuwepo, hata mlangoni watu walikuwa wananing'inia. Basi likapanda kuelekea Kadutu, limejaa, linanguruma, na Adalbert akabaki katikati ya barabara, tope kifuani, anacheka peke yake kama mwendawazimu.